HOTUBA JUU YA DEREVA NA HATI YA SAFARI
(Iliyosomwa mbele ya wanachama, Tabora)



Najua wengi wenu ni makarani, wala hamjapata kushika usukani. Hata hivyo maneno yangu yawahusu ninyi sawa na madereva wenzangu, na sababu yake mtaiona.

Mji wetu ulikuzwa na safari. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora, na mizigo ilichukuliwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mbele alikwenda kirangozi, na mwendo wake ndio uliokuwa mwendo wa wote. Burton, Mwingereza aliyefika hapa mwaka 1857, aliandika kwamba mtu aliyemtangulia kirangozi alitozwa faini. Tena wapagazi walishika njia alfajiri, na aghalabu walitua mizigo kabla jua halijawa kali. Hawakuwa wavivu watu wale. Walijua kwamba mzigo haufiki pasipo mchukuzi.

Leo kirangozi ni dereva. Lakini mara nyingi mwendo hupimwa na mkubwa aliyeketi nyuma, naye hutazama saa, hatazami njia.

Nitawasimulia lililonipata mimi mwenyewe. Zamani, kabla barabara ya Mpanda haijatiwa lami, nalipewa hati ya safari iliyosema niende Mpanda na kurudi Tabora siku ile ile. Usiku wa jana yake nalirudi kutoka safari nyingine. Tulipokuwa tukirudi, jua limekwisha kuchwa, nalisinzia. Nilipozinduka motokaa imekwisha kuacha njia, na miti i mbele yetu. Mungu alitunusuru, ila karani niliyemchukua alivunjika mkono. Nilihojiwa, na ilikuwa haki, kwa kuwa nalijua nimechoka nami nikanyamaza. Lakini hakuna aliyeuliza ni nani aliyeiandika hati ile.

Fikirini hesabu hii. Motokaa iendayo kilometa 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akisinzia sekunde nne tu, amekwenda karibu mita 90 kama kipofu. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nafasi inayotakiwa ili breki ziisimamishe motokaa huzidi mara nne.

Kwa hiyo, madereva wenzangu, yafaa tushike haya. Kwanza, tukague breki, magurudumu na taa kabla ya kuondoka. Pili, kila mtu afunge mkanda, hata aliye nyuma. Tatu, penye makazi ya watu tusizidi kilometa 50 kwa saa, kama iagizavyo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Nne, tusilipite lori katika vumbi lake, wala tusishike simu tukiendesha. Tano, usingizi ukija, dawa yake ni kulala. Kufungua dirisha hakumponyi mtu.

Nanyi makarani, kalamu yenu ni nusu ya usukani. Kabla hamjaandika hati, mwulizeni dereva alirudi saa ngapi jana. Pimeni njia kwa saa za mchana, wala msipime kwa matakwa ya mkubwa. Safari ikiwa ndefu, andikeni usiku wa kulala njiani pamoja na posho yake. Mkubwa akikataa, mwonyesheni hesabu kwa adabu. Posho ya usiku mmoja ni fedha kidogo mno kuliko gharama ya motokaa iliyovunjika, na uhai wa mtu hauna bei kabisa.

Karani yule aliyevunjika mkono ndiye aliyeiandika hati ile. Aliniambia alijua siku moja haitoshi, lakini aliona haya kumwambia mkubwa wake. Mimi naliona haya kusema nimechoka. Ndugu zangu, haya zetu mbili nusura zituue sote. Tusioneane haya tena.