Karatasi na Sikio

Msikilizaji, fungua redio asubuhi yoyote, hukosi mahojiano ya namna hii. Mwenyekiti wa mtaa anaeleza kwamba kisima kimechimbwa, ila pampu iliyofungwa siyo ile iliyolipiwa. Siyo ile iliyolipiwa! Mtangazaji anaitikia, “Sawa kabisa, mheshimiwa. Sasa, una ujumbe gani kwa vijana?” Swali la tano liliandikwa hivyo, likaulizwa hivyo.

Wengi hulaumu karatasi. Mimi siilaumu. Mwaka 1977 mtangazaji Mwingereza David Frost alimhoji Richard Nixon, rais wa zamani wa Marekani, huko California kwa jumla ya karibu saa 29. Nixon alikuwa mwanasheria, fundi wa kuzungumza mpaka muda ukayoyoma. Lakini Frost alikuwa na watafiti, na mmoja wao, James Reston Jr., alichimbua katika nyaraka za mahakama mazungumzo ya Nixon na msaidizi wake Charles Colson ambayo umma haukuyajua. Hayo ndiyo maandalizi, si maswali kumi yaliyochapwa usiku wa kuamkia kipindi.

Sasa, ilipofika habari ya Watergate, kashfa iliyomwondoa madarakani, Nixon alikubali kwamba kulikuwa na makosa, akataka yaishie hapo. Frost akaling'ang'ania neno lilelile: makosa tu? Nixon akamrudishia mpira, wewe ungetumia neno gani? Frost akatupa kando ubao wake wa kubania karatasi, akamtajia mambo matatu ambayo kwa maoni yake Wamarekani walingoja kuyasikia: kwamba yalikuwa zaidi ya makosa, kwamba alitumia vibaya madaraka, na kwamba anawaomba radhi. Ndipo Nixon, aliyejiuzulu urais mwaka 1974, akafika pa kukiri kwamba aliiangusha nchi yake.

Maneno yale ya Frost hayakuwamo kwenye ubao. Ila bila kulijua jalada la Watergate nje ndani, angethubutu vipi kuuweka chini? Anayejua pampu iligharimu kiasi gani ndiye anayeshtuka akisikia imebadilishwa. Mwenzake husikia habari za maji tu.

Na wale wanaojisifu kuingia studio mikono mitupu, ati mazungumzo yatajipeleka yenyewe? Hao ndio nawaogopa zaidi. Juzi nimemsikia mmoja akimuuliza mwandishi, kipindi kikiwa kimefika katikati, kitabu chake kinahusu nini hasa. Mgeni wa watu, kwa uungwana wake, akaanza kueleza upya.