Mzee Asikalishwe Tu: Mazoezi ya Tiba ya Viungo katika Kuimarisha Usawa wa Mwili

Mada kwa semina ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii



1. Utangulizi

Mzee akianguka nyumbani, jambo la kwanza wanalofanya wanawe ni kumkalisha. Maji anatekewa, chakula analetewa, na hata uani hatoki bila kushikwa mkono. Wanafanya hivyo kwa mapenzi na kwa heshima, maana ndivyo tulivyolelewa. Lakini mtu asiyesimama hupoteza nguvu za kusimama. Misuli ya mapaja hunywea, vifundo vya miguu hukakamaa, hofu huzidi. Siku atakapoamka usiku kwenda chooni peke yake, yuko hatarini kuliko alivyokuwa kabla hajaanguka.

Hoja yangu ni moja: uwezo wa mwili kujihimili unafundishika hata uzeeni. Hufundishwa kwa kuupa mwili kazi iliyo ngumu kidogo, mahali salama, bila kukatisha.

2. Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kati ya ajali zisizo za makusudi, ni ajali za barabarani tu zinazoua watu wengi zaidi. Wapo pia wanaopona wakiwa wamevunjika nyonga, na wapo ambao hawakuvunjika popote lakini hawathubutu tena kwenda msikitini, kanisani wala sokoni.

3. Mwili unavyojihimili

Ubongo hupokea taarifa kutoka sehemu tatu. Macho huonyesha mazingira. Sikio la ndani, lenye mirija mitatu iliyojaa majimaji, hutambua kichwa kinavyogeuka. Nyayo, misuli na maungio huueleza ubongo mguu umekanyaga wapi na kwa uzito gani. Ubongo huzioanisha taarifa hizo, kisha huiamuru misuli irekebishe mwili kabla haujaelemea upande mmoja.

Tujaribu hapa ukumbini, wawili wawili. Mmoja avue viatu, abananishe miguu na kufumba macho. Mwenzake asimame karibu, tayari kumdaka. Aliyefumba macho atasikia nyayo zikihangaika: mara uzito uko kisiginoni, mara vidole vinang'ang'ania sakafu. Macho yamepumzika, nyayo na sikio vimebeba kazi yote. Sasa mfikirieni mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi miguuni, ambaye pia ana mtoto wa jicho. Njia zake mbili kati ya tatu zimefifia. Mazoezi huufundisha ubongo kutumia vizuri zaidi taarifa zilizobaki, na huipa misuli nguvu ya kutii haraka.

4. Kupima kabla ya kuanza

Kipimo cha kwanza kinahitaji kiti, chaki na saa. Chora mstari mita 3 kutoka kwenye kiti. Mzee ainuke, atembee kwa mwendo wake wa kawaida hadi kwenye mstari, ageuke, arudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yuko katika hatari ya kuanguka. Usiangalie saa peke yake. Angalia kama amejisukuma kwa mikono ili ainuke, na kama amegeuka kwa hatua ndogondogo nyingi.

Kipimo cha pili ni kusimama kwa hatua nne, kila moja sekunde 10: miguu sambamba, mguu mmoja ukitangulia kidogo, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, na mwisho, mguu mmoja. Asiyeweza kutimiza sekunde 10 katika hatua ya tatu anahitaji mazoezi bila kuchelewa.

5. Mazoezi yenyewe

Mpango unaojulikana sana ni ule wa Otago, uliobuniwa New Zealand miaka ya 1990 kwa ajili ya wazee wanaofanyia mazoezi nyumbani. Una mazoezi ya nguvu na usawa mara tatu kwa wiki, pamoja na siku za kutembea. Mengi yake yanawezekana katika nyumba zetu:

- kuinuka kwenye kiti na kuketi taratibu, bila kujitupa;
- kusimama kwa ncha za vidole, kisha kwa visigino;
- kutembea kisigino kikigusa vidole, kama mtu anayefuata mstari;
- kutembea kiupandeupande na kinyumenyume;
- kusimama kwa mguu mmoja.

Siri iko katika kuongeza ugumu. Mzee aanze akiwa ameshika ukingo wa meza nzito kwa mikono miwili. Baada ya siku kadhaa abakize mkono mmoja, kisha vidole viwili, kisha mikono ielee tu juu ya meza. Vifundo vikitikisika kidogo, msimwambie aketi: huo mtikisiko ndio kazi tunayoitafuta. Zoezi asilotikisika nalo hata kidogo halimfundishi tena, mwongezeeni.

Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019, yaliyokusanya tafiti 108, yalionyesha kuwa mazoezi ya usawa na ya shughuli za kila siku hupunguza matukio ya kuanguka kwa takriban asilimia 24. Kwa kutembea peke yake, ushahidi haukutosha. Kwa hiyo tusiishie kumwambia mzee, "Tembeatembea kidogo."

6. Usalama

Mzee afanye mazoezi peku au kwa viatu vinavyobana vizuri, si kandambili. Sakafu iwe kavu, na ndugu asimame ubavuni mwake bila kumshika. Apelekwe kwanza kituo cha afya aliyeanguka kwa kuzimia, mwenye maumivu ya kifua, aliyepooza upande mmoja ghafla, au anayeona giza kila akisimama. Huenda dawa za presha zinahitaji kuangaliwa upya. Anayepata kizunguzungu kila akijigeuza kitandani aonwe na mtaalamu, kwa kuwa tatizo la sikio la ndani mara nyingi hutulizwa kwa kukilaza na kukigeuza kichwa kwa mpangilio maalumu.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila mnapoitembelea kaya yenye mzee, mwombeni ainuke kwenye kiti mbele yenu na mwandike mlichokiona. Pili, mchagulieni mwanakaya mmoja wa kumsimamia, kwa sababu faida hupotea mazoezi yakiachwa. Tatu, zungumzeni na watoto na wakwe. Waambieni kuwa kumwachia mama achambue mboga akiwa amesimama, aanike nguo na kwenda mwenyewe kwa jirani ni sehemu ya kumtunza. Mzee anayetembea kwa miguu yake bado anashiriki maamuzi ya nyumba yake, misiba na harusi za mtaa wake. Hilo ndilo tunalolipigania.