Mashine Zikikataa Kuamka, Tufuate Waya Kabla ya Kushuku Mtu

(Mazungumzo mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya Meru na Embu)

 

 Tumeombwa tuwaeleze habari za chumba chetu cha kompyuta, na hasa ile taabu iliyotupata mashine zilipokataa kuamka. Tutaisema yote, hata pale tulipokosea. Tunajua wako wengine hapa, kutoka Maua mpaka Runyenjes, wanaofikiria kuanzisha chumba kama hicho. Hatutaki mlipe karo ile tuliyolipa sisi.

Mashine zisizo na diski

Chumba chetu kiko kando ya ukumbi wa kanisa. Ndani mna kompyuta kuukuu nane tulizopewa kama msaada, na moja yenye nguvu zaidi tuliyonunua kwa harambee. Hiyo moja huitwa seva. Vijana waliomaliza shule hujifunza hapo, na makatibu wa vikundi huandika kumbukumbu na hesabu zao.

Sasa sikilizeni jambo moja, maana hapo ndipo tulipoangukia. Zile kompyuta nane hazina diski. Kompyuta ya kawaida huweka mfumo wake kwenye diski yake, kama mtu aliye na tanki lake la maji nyumbani. Hizi zetu hazina tanki. Zinategemea paipu. Ukiiwasha mashine, huuliza kupitia waya: "Mimi nipewe anwani gani, na mfumo wangu niuchukue wapi?" Seva hujibu, kisha huipelekea faili za kuanzia, na baadaye mfumo wote wa Linux.

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, na hailipiwi. Mpango wa kuendesha mashine nyingi kwa seva moja, uitwao LTSP, ulianzishwa na Jim McQuillan huko Michigan, Marekani, mwaka 1999, na uliandikwa upya mwaka 2019. Faida yake kwa watu kama sisi ni kubwa. Fundi hutengeneza seva peke yake, na mashine nane zote zimetengenezwa. Tena stima ikipotea ghafla, kama mjuavyo inavyopotea wakati wa mvua, zile nane hazina diski ya kuharibika. Betri ya akiba tunahitaji ya seva tu.

Lakini kila faida na gharama yake. Paipu ikipasuka karibu na chanzo, mifereji yote hukauka.

Siku ya aibu yetu

Jumatatu moja, baada ya stima kupotea usiku na kurudi, vijana walikuja darasani wakakuta mashine sita zimekataa kuamka. Mbili zikaamka. Kesho yake, mojawapo ya zile mbili nayo ikakataa, na nyingine iliyokuwa imekataa ikaamka. Mambo gani haya?

Mmoja wetu, mzee tunayemheshimu, alichukua bisibisi akafungua mashine. Pale pa kuweka diski palikuwa patupu. Akafungua ya pili. Tupu. Akauliza, "Diski ziko wapi?" Sisi sote tukageuka kumtazama yule kijana anayetunza ufunguo.

Alijaribu kueleza kwamba mashine hizi zilikuja hivyo. Lakini ni nani aliyemsikiliza? Tulifungua kitabu cha kumbukumbu, tukakuta pameandikwa tu: "Kompyuta nane zimepokewa." Hakuna neno lolote kuhusu diski. Tukamnyang'anya ufunguo. Habari ilifika sokoni kabla yake, na mama yake akaacha kuja kwenye mkutano wa akina mama.

Kisha tukamwita fundi kutoka mjini. Yeye hakusoma chochote kwenye skrini. Alifuta seva yote, akaweka mfumo upya, akatutoza shilingi elfu saba. Alipoondoka, mashine ziliamka tatu, tano zikakataa. Basi wengine wakaanza kusema tuuze vyuma hivi tugawane pesa. Hebu fikirini, harambee ya mwaka mzima!

Swali la mwalimu

Aliyetuokoa ni mwalimu mmoja mshiriki wetu. Alituuliza, "Ninyi mna maji ya paipu kutoka mlimani. Mfereji ukikauka mnafanya nini?" Tukamjibu kwamba tunafuata paipu, tukifungua kila kiungo, mpaka tufike mahali maji yanapoonekana. Tatizo liko kati ya hapo na kiungo kinachofuata. Akasema, "Haya, na hii ni hivyo hivyo. Fuateni waya."

Swali la kwanza ni hili: ni mashine moja inayokataa, au zote? Ikiwa ni moja, tazama mashine hiyo, waya wake na tundu lake kwenye swichi, yaani kile kisanduku kinachogawa nyaya. Ikiwa ni zote, nenda kwenye seva na swichi. Ukishuku waya, chukua ule wa mashine inayofanya kazi uujaribu kwenye ile iliyokataa. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua ni kipi kilichosaidia.

Halafu soma skrini. Mashine inapokwama huandika alama. Piga picha kwa simu kabla haijapotea. Tuliandika alama hizo kwenye karatasi, tukaibandika ukutani:

1. Mashine inasema haina mahali pa kuanzia, wala haiulizi kwenye waya. Imesahau kwamba inapaswa kuanza kwa mtandao. Mara nyingi ni ile betri ndogo ya duara iliyo ndani, CR2032, imekwisha. Dalili nyingine ni saa na tarehe kurudi nyuma. Badilisha betri, kisha ingia kwenye mipangilio ya mashine uweke mtandao uwe wa kwanza.

2. PXE-E61. Mashine haioni waya. Angalia taa ndogo pale waya unapoingia. Kama haiwaki, waya umechomoka, umekatika, au umeguguna na panya, au swichi haina stima. Waya mmoja usizidi mita 100.

3. PXE-E51. Mashine imeuliza, hakuna aliyejibu. Je, seva imewaka? Je, ile programu inayogawa anwani, kwetu ni dnsmasq, inafanya kazi?

4. PXE-E53. Mashine imejibiwa, lakini haikuambiwa faili ya kuanzia. Hapa shuku kwamba aliyejibu si seva yenu.

5. PXE-E32. Mashine imeambiwa faili lakini ilipokwenda kuichukua haikupata jibu. Pengine ulinzi wa seva umefunga njia hiyo. Ikiandika PXE-T01, njia iko wazi lakini faili haipo mahali pake.

6. Maandishi ya Linux yanapita kisha yanasimama. Mlango umefunguka, lakini nyumba yenyewe haijapatikana. Angalia kama seva inatoa picha ya mfumo. Na kama mlibadilisha programu kwenye seva, picha hiyo hutengenezwa upya kwa amri ya ltsp image.

7. Mashine inaamka vizuri ila mwanafunzi mpya anakataliwa kuingia. Baada ya kuandikisha watu wapya kwenye seva, lazima amri ya ltsp initrd iendeshwe tena, ndipo mashine ziwajue.

Tulichokikuta

Tuliwasha mashine moja, sote tukainama kusoma. PXE-E53. Juu yake palikuwa na anwani iliyoanza na 192.168.1. Mwalimu akauliza, "Seva yenu hutoa anwani gani?" Tukanyamaza. Hakuna aliyejua isipokuwa kijana tuliyemfukuza.

Ilibidi tumpigie simu. Alijibu kwa heshima, Mungu ambariki: anwani za seva yetu huanza na 192.168.67. Basi aliyejibu ni mwingine. Tukafuata nyaya kwenye swichi, moja baada ya nyingine, tukazihesabu. Nane za mashine, moja ya seva, na wa kumi? Wa kumi ulipita nyuma ya kabati ukaishia kwenye rauta ndogo ya intaneti.

Mweka hazina wetu alisimama akasema, "Ni mimi niliyeileta." Alikuwa ameinunua kwa pesa zake ili vijana wapate intaneti, akaichomeka Jumamosi jioni bila kumwambia mtu. Hakuwa na nia mbaya. Lakini rauta nayo hugawa anwani. Mashine ilipouliza, wajibu walikuwa wawili. Ikimsikia seva, inaamka. Ikimsikia rauta, inapata anwani bila faili ya kuanzia, inakwama. Ndiyo maana leo inaamka hii, kesho ile. Stima kupotea haikuhusika hata kidogo.

Tuliuchomoa ule waya wa kumi. Mashine zote nane zikaamka. Baadaye tuliongeza kadi ya pili ya mtandao kwenye seva: rauta inaingia kwenye kadi moja, swichi kwenye ya pili. Sasa intaneti tunayo, na anayejibu mashine ni mmoja.

Deni tulilobaki nalo

Waya ulitengenezwa kwa dakika moja. Jina la kijana halikutengenezwa hivyo. Tulikwenda kwao, mwenyekiti, yule mzee wa bisibisi, na sisi wengine, tukaomba msamaha mbele ya wazazi wake. Jumapili iliyofuata tukarudia maneno hayo mbele ya kanisa, kwa sababu shutuma ilikuwa ya hadharani. Alikaa siku kadhaa kabla ya kutujibu. Aliporudi alituwekea sharti moja: kila kitu kiandikwe.

Basi haya ndiyo tunayowaachia.

Mkipokea mashine, andikeni kilichomo na kisichokuwamo. "Kompyuta nane, hazina diski" ni maneno manne tu, na yangemwokoa mtu.

Chora ramani ya nyaya, kila waya na jina lake, na anwani za seva. Ibandikeni ukutani. Kitu kipya kisichomekwe kwenye swichi kabla ya kuandikwa katika daftari.

Watu wawili au zaidi wajue kazi hii, kijana kwa msichana. Ujuzi ukikaa kwa mtu mmoja, siku akiugua au akifukuzwa, mmefunga chumba.

Fundi akija, asifute seva kabla ya kuwaonyesha alama iliyoko kwenye skrini na kuwaeleza maana yake. Mwenye pesa ana haki ya kuuliza.

Na mwisho, mashine ikikataa kuamka, swali la kwanza lisiwe "Ni nani?" Liwe "Imefika wapi?" Mashine yenyewe itakujibu kama utainama usome. Mtu aliyeshukiwa bure hana alama ya kuandika kwenye skrini. Yeye huenda nyumbani akanyamaza.

Karibuni mtutembelee mwone ile karatasi ya ukutani, mkainakili.