NENO "SANCTION": RUHUSA AU ADHABU?



Mtu aliyejifunza Kiingereza hata akaweza kusoma magazeti na barua za afisi hukutana siku moja na kitenzi "sanction", naye hupotea njia. Katika barua ya benki neno hilo lasema mkopo wake umekubaliwa. Katika gazeti la siku iyo hiyo lasema nchi fulani imeadhibiwa.

Asili yake ni Kilatini, "sancire", yaani kuipa sheria au agano nguvu lisivunjwe. Sheria hupata nguvu kwa kuidhinishwa na mwenye mamlaka, na tena kwa adhabu inayomngojea mvunjaji. Kiingereza kimeyarithi yote mawili katika neno moja.

Kitenzi chenyewe tangu zamani maana yake ni kuidhinisha, lakini si kwa kila ruhusa. Baba akimwachia mwanawe aende sokoni, "allow" yatosha. "Sanction" lataka mwenye cheo: bunge, mahakama, halmashauri. Ikiandikwa "The council sanctioned the expenditure", baraza limekubali fedha zitumike. Karani akidhani zimezuiliwa, vibarua watalala njaa na fedha zimo sandukuni.

Maana ya adhabu ilienea zaidi kwa jina la wingi, "sanctions". Mwaka 1935 Shirikisho la Mataifa liliiwekea Italia vikwazo vya biashara kwa kuishambulia Ethiopia. Mafuta hayakuzuiwa, na vita vikaendelea. Mwaka 1966 Umoja wa Mataifa uliiwekea Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, vikwazo vya namna hiyo. Ndipo kitenzi nacho kikazidi kutumiwa kwa kuadhibu, ingawa wako Waingereza washika lugha wasiopendezwa.

Basi msomaji na atazame kinachofuata. Kikifuata mpango, mkopo au gharama, ni idhini. Akifuata mtu, kampuni au nchi, mara nyingi ni adhabu. Na mgomo ulio "unsanctioned" ni ule ambao chama cha wafanya kazi hakikuuidhinisha, wala si mgomo uliosalimika na adhabu!

Kinachobaki kigumu ni mwenendo wa mtu. "The court sanctioned his conduct" yaweza kufahamika huku na huku, hata kwa Mwingereza. Hapo mwandishi afadhali aache madaha, aandike "approved" au "punished".