Tuliyoyakuta Nyumbani
(Mazungumzo ya waliorudi, Siku ya Wakimbizi)



Mmetuomba tueleze kurudi kulikuwaje. Habari za mashamba mmezisikia sana. Leo tuseme mila na lugha tu. Sisi tulitoka Ulyankulu mwaka 2009. Miaka ile miwili, 2008 na 2009, wakimbizi wa 1972 zaidi ya 50,000 walirudi Burundi. Wengi wetu tulizaliwa Tanzania, Burundi tukahadithiwa na wazazi.

Tulipanga Bujumbura, mtaa wa Asiatique. Hapo Kiswahili ni lugha ya dukani na msikitini, kwa Mhindi, Mwarabu na Mrundi. Tukadhani tumefika. Kumbe hata hapo pesa huhesabiwa Kifaransa: muuza duka anaongea Kiswahili kitupu, akifika kwenye bei anasema "deux mille". Ilibidi tuombe kuonyeshwa noti. Na barabara! Tanzania magari hupita kushoto, Burundi kulia. Wiki za kwanza tulivuka tukitazama upande usio na gari.

Watoto wetu walimwamkia mzee shikamoo, naye akawatazama tu, maana amezoea "amahoro" na kushikwa mkono. Tulipokula mlangoni tukimkaribisha kila apitaye, mama jirani alituonya kwa upole kwamba chakula huliwa ndani.

Hayo yalizoeleka. Lililouma ni ofisini. Ukianza kwa Kiswahili, karani anauliza umetoka nchi gani. Tanzania lafudhi yetu ilitufanya tuitwe Warundi. Burundi lafudhi hiyo hiyo ikatufanya Watanzania. Wazee waliosema "kwetu" kwa miaka 37 walinyamaza siku nzima.

Shuleni ndiko kulikuwa kugumu zaidi. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la sita alirudishwa la tatu kwa sababu ya Kifaransa, akawa mrefu kuliko wenzake wote. Baadhi waliacha shule. Wengine walirudi Tanzania kimya kimya. Watoto wenu waliosoma mtaala wa Burundi hapa kambini wana nafuu, lakini Kirundi waongeeni nyumbani, na hesabu za Kifaransa wafundisheni hadi elfu.

Vyeti vya shule, vya kuzaliwa na vya ndoa vifungeni kwenye nailoni, vikae na aliye mwangalifu, si lazima baba. Wenye maswali juu ya vyeti tutakaa nao chini ya ule mwembe baada ya chakula.