Mtoto Akiuliza "Kwa Nini?"



Leo tunataka kuongea juu ya watoto wetu wadogo, kuanzia wale wa nasari. Tangu 2019 mtaala mpya shuleni unataka mtoto ajifunze kwa kutenda. Lakini huku nyumbani mtoto akiuliza "kwa nini?" tunamwambia, "Wacha maswali mengi!" Kesho akiwa mkulima atauziwa mbegu mbovu na hatajua kuzipima.

Kuchunguza si lazima tuwe na maabara. Tafuteni maharagwe, mikebe mitatu na vitambaa. Kila mkebe uwe na kitambaa na maharagwe 10 juu yake. Wa kwanza ulowesheni kidogo, muuweke penye mwanga. Wa pili ulowesheni vilevile, lakini muufiche gizani. Wa tatu ukae penye mwanga bila maji. Ule wa kwanza ndio wa kulinganishia. Kila mmoja wa hiyo mingine umebadilishwa kitu kimoja tu. Tukibadilisha viwili pamoja, hatutajua ni kipi kilicholeta tofauti.

Sasa kila mtoto aseme anafikiri ni mkebe gani utaota. Na sisi wakubwa tunyamaze! Vitambaa viwili vya kwanza visiachwe vikauke. Kila asubuhi watoto watazame na wahesabu. Asiyejua kuandika aweke kijiwe kimoja kwa kila mbegu iliyoota.

Baada ya wiki moja hivi, mkebe mkavu hauna kitu. Lakini ule wa gizani utawashangaza wengi, maana umeota! Ila miche yake ni mirefu, dhaifu, tena imepauka. Basi watoto watajionea kwamba haragwe huota kwa maji hata gizani, lakini mche hauwi na nguvu bila mwanga. Aliyekisia vibaya asichekwe. Mwulizeni, "Umeona nini? Tujaribu nini tena?"

Kazi hii si mchezo tu. Kabla ya mvua, watoto wahesabu mbegu 20 za akiba ya nyumbani, wazifunge katika kitambaa chenye unyevu, wahesabu zilizoota baada ya siku 7. Zikiota 10 tu, mmejua mapema kwamba karibu nusu ya mbegu zisingeota. Lakini mbegu za dukani zilizotiwa rangi zimepakwa dawa. Mtoto asizishike kabisa.

Mkutano ujao, kila kikundi kije na mtoto mmoja atueleze alichoona. Sisi tutakaa tumsikilize.