MENO YA BOLTI
Maneno aliyoyasema fundi mmoja mbele ya wanachama, Feri, Mombasa



Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini nisimame hapa kusema habari za bolti, na mambo ya mishahara yanangoja. Nisikilizeni kwanza, maana haya nayo ni mambo ya mishahara.

Sisi wa Feri tunaishi ndani ya chumvi. Upepo wa bahari huingia karakana mchana na usiku. Bolti uliyoiacha juu ya benchi Ijumaa ikiwa safi, Jumatatu ina wekundu. Injini ya dizeli ikifunguliwa, bolti zake hutoka na kutu, masizi na mafuta yaliyoganda katika meno. Mwenye haraka huzipangusa kwa tambara akazirudisha.

Sasa, unapokaza bolti kwa spana ya kupimia, sehemu kubwa ya nguvu zako, kadiri ya tisa katika kumi, huliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti na katika meno yake. Moja tu iliyobaki ndiyo inayoivuta bolti na kukibana kichwa cha silinda. Meno yakiwa na kutu, msuguano unazidi. Spana inakuambia imetosha, kumbe bolti haijabana. Injini ikishapata moto gasketi inavuja, maji yanaingia kwenye mafuta, na chombo kinaweza kuzimika katikati ya mkondo wa Likoni kimejaa abiria, nayo meli inaingia Kilindini.

Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana, katika gereji moja ambayo sitaitaja, niliosha bolti vizuri sana lakini sikulitazama tundu. Lilikuwa tundu lisilotokea upande wa pili, na ndani yake mlikuwa na mafuta. Mafuta hayashindiliki, ndugu zangu. Nilikaza, nikasikia mlio kama wa kikombe kinachopasuka. Ilikuwa bloki. Nilikatwa mshahara miezi mitatu. Kosa lilikuwa la mkono wangu, sikatai. Lakini hakuna aliyekuwa amenionyesha, na saa za kusafisha hazikuhesabiwa katika kazi ile.

Basi bolti isugueni kwa brashi ya waya na mafuta ya taa au dizeli. Petroli iacheni, mvuke wake huwaka kwa cheche moja. Vaeni miwani, maana nyaya za brashi huruka. Bolti iliyoliwa na kutu mpaka ikawa na vishimo, au iliyokonda shingoni, haisafishwi, inatupwa.

Kwenye tundu msikimbilie tapu ya kukatia. Tapu haijui kuchagua. Hukata chuma kizima pamoja na uchafu, na meno yanalegea. Chukueni bolti ya zamani ya kipimo kile kile, yenye meno mazima, mkate mifereji mitatu kwa urefu wake kwa msumeno wa chuma, kisha mwondoe ncha kali kwa tupa. Itieni mafuta kidogo, izungusheni kwa vidole, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, na uchafu utakusanyika katika mifereji. Ikikwama itoeni, msiilazimishe. Mwisho pulizeni tundu kwa upepo wa kompresa, mkilifunika kwa tambara, hata likauke kabisa.

Kipimo nacho kitazameni. Injini za zamani za Kiingereza zina meno ya Whitworth, aliyoyapanga Joseph Whitworth mwaka 1841, nayo yana pembe ya digrii 55. Bolti za milimita ni digrii 60. Ya huku huweza kuingia kule mizunguko miwili, ukadhani ni kutu tu inayozuia, ukaongeza spana, ukamaliza meno yote.

Na kabla ya kukaza, someni kitabu cha injini kama kipimo chake ni cha meno makavu au yenye mafuta. Ukipaka grisi penye kipimo cha makavu, bolti huvutika kupita kiasi, hata kukatika.

Kwa hiyo naiomba kamati, itakapokutana na wasimamizi, idai kwamba saa za kusafisha ziandikwe katika kadi ya kazi, na kila benchi lipate miwani na brashi. Tusipodai, kijana atakayeharakishwa ndiye atakayekatwa.

Nimeleta bolti kuukuu sita na msumeno. Sogeeni mezani, vijana watangulie.